Sapu ya Kumwogesha Mzee

Jumatatu, 3 Machi
Beseni, sabuni, taulo mbili, glovu. Uso, mikono, kifua. Nimerudia tena kwa mdoli wa maabara. Mdoli hana ukoo, hanisumbui.

Nimebakiwa na sapu moja, mtihani wa marudio: kumwogesha mgonjwa kitandani. Nikifeli tena ni disko. Nafungasha, narudi kijijini Nyansurura bila uuguzi.

Jumatano, 5 Machi
Madam Tumaini, mwalimu wetu wa wodini, kaniita. Mbona mara ya kwanza niliosha mpaka kiunoni, nikarukia magotini? Nimesema nilisahau. Uongo. Yeye katoka Mbeya, ningeanzia wapi? Yule mgonjwa alikuwa rika la baba. Kwetu Wakurya, mwanaume wa rika la baba ni baba, na uchi wa baba hautazamwi. Mikono iligoma. Nina hasira na yule mzee, na mimi mwenyewe, na nani mwingine sijui.

Jumamosi, 8 Machi
Bhoke, ninayekaa naye chumba kimoja, kajilaza kitandani, kofia usoni, anakohoa kizee ili nizoee. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Halafu nikalia. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, ananiambia. Bhoke naye! Chakula sijagusa.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani sikusikia mahubiri. Niliwatazama wazee wa benchi la mbele, nikamwogopa kila mmoja.

Jumanne, 11 Machi
Ni kesho. Sitaki kuandika.

Jumatano, 12 Machi
Mgonjwa niliyepewa ni mzee wa Nyarero, Mkurya mwenzetu, kapooza upande mmoja. Shikamoo. Marahaba. Kisha akauliza: binti wa nani? Nikajua nimekwisha. Nikamtaja baba. Anamfahamu. Walitahiriwa msimu mmoja.

Nimefika kiunoni, mikono ikagoma tena. Madam kasimama na kalamu yake. Nikaona shuka limelowa mkojo na ngozi ya paja imeanza kuwa nyekundu. Hapo nikapandwa na hasira. Huyu mtu aozee kitandani kwa sababu ya heshima yangu?

"Baba, nisamehe. Naendelea."

Akageuzia uso ukutani. "Endelea, mwanangu."

Nikaendelea. Nilipomaliza alikuwa anatokwa na machozi, nami pia. Sijui kama kulia kunakatwa maksi.

Alhamisi, 13 Machi
Sijalala vizuri. Nimekumbuka sikumkausha vizuri katikati ya vidole vya miguu. Itakuwa ndiyo hiyo itakayonifelisha.

Ijumaa, 21 Machi
Nimefaulu. Nimefaulu! Bhoke kapiga vigelegele korido nzima.

Furaha imedumu mpaka jioni. Yule mzee ana ndugu, na ndugu wana midomo. Habari itamfikia baba. Afadhali isikike kwangu kwanza, lakini leo sithubutu.

Jumapili, 23 Machi
Nimempigia baba. Nimemweleza yote, sikuficha kitu. Nilikuwa nasikia ng'ombe tu, nikadhani kaweka simu chini.

Kisha akauliza kama mwenzake ana kidonda. Nikasema hapana, tuliwahi.

Akasema siku atakayougua yeye, nimtafutie nesi mwanaume. Hao wengine niwaogeshe.

Nikasema ndiyo, baba.