Vigingi vya Leokadia

Huku milimani, juu ya Same

Kwako Baba Leokadia,

Nakusalimu kwa moyo wote, mume wangu, kabla sijakueleza yaliyonitoa roho ikarudi. Kifua kimepoa? Unakunywa uji wa moto au unashindia chai kavu kwa kuwa sipo? Na mpunga, umeuvuna wewe au wameuvuna ndege? Mimi ni mzima. Mjukuu wako Kasiani ni mzima pia, ameota meno na ananing'ata.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Wewe ukipokea simu unaiweka sauti ya juu, na haya si ya kusikilizwa na kijiwe chote cha kahawa hapo Ifakara. Kaa chini ndipo usome.

Unajua nilikuja Same kumlelea mwanao mtoto ili yeye arudi kazini. Sasa Same mjini kuna joto kavu, si kama letu la mtoni, na mtoto akatokwa na vipele mwili mzima. Mama mwenye nyumba akatuambia mama mkwe wake, Bibi Nakijwa, anakaa juu mlimani, njia ya kwenda Chome, kuna baridi na maziwa hayakosi. Tukapanda. Baba Leokadia, barabara ile! Upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili hakuna kitu. Nilifumba macho nikasali rozari nzima, mwanao anacheka tu: "Mama, fumbua uone nchi za watu." Nikamwambia nchi za watu nitaziona nikishafika.

Huku binti yako ni mtu mkubwa. Sijisifu, nasema kilicho kweli. Hata jina langu limepotea, naitwa Mama Injinia, na wazee wananipisha njiani. Sababu ni kwamba serikali ilitangaza ruzuku ya kujenga vituo vya dharura, na Leokadia ndiye aliyeandika maombi ya kijiji hiki kwa niaba ya ofisi yao. Ni jengo ambalo mafuriko yakija, upepo ukija, mlima ukishuka, lenyewe linabaki limesimama. Ndani kuna redio ya mawasiliano, umeme wa jua, machela, mablanketi, na mtu wa kupokea taarifa na kupeleka msaada. Huku barabara ikikatika, mlima wote unabaki peke yake, ndiyo maana wanalitaka kama mvua.

Nami nilikuwa nawaambia kila siku kisimani: "Subirini tu, mwanangu ameshapiga vigingi." Kwa kweli vilikuwepo, vimepakwa rangi nyekundu, kwenye mteremko ulio juu ya nyumba za watu, karibu na shule. Kila mtu alikuwa ameviona.

Sasa sikia. Wapare wana kitu kinaitwa msaragambo. Kukiwa na kazi ya wote, mfereji au njia au darasa, pembe inapulizwa asubuhi na kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Halipwi mtu, na hakuna anayeuliza kwa nini. Kazi kwanza, maneno baadaye. Mwenyekiti wa kijiji aliposikia wakaguzi wa ruzuku wanakuja kutoka Dodoma, akasema hawawezi kukuta watu wamekaa kama wageni kwenye mradi wao wenyewe. Wakute msingi umechimbwa! Pembe ikalia.

Nami nilikwenda, mjukuu mgongoni. Mwenyekiti akaniona nahema akapaza sauti: "Mama Injinia, wewe mtu wa bondeni, utafika au tukuletee machela kabla kituo hakijajengwa?" Watu wakacheka. Nikamjibu, "Mimi nimezaa injinia, wewe umezaa nini?" Wakacheka zaidi. Kazi ikaenda kwa nyimbo. Wakang'oa vigingi, wakakata vichaka, wakachimba mtaro mrefu kuufuata mstari wa vigingi ulivyokwenda. Udongo wenyewe ulikuwa umelowa, unakatika kama ugali.

Jua liliposimama Bibi Nakijwa akaita watu waje kula makande kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti alitaka wamalizie kipande kilichobaki. Bibi akamwambia, "Makande yangu hayamsubiri mwenyekiti." Wakaacha majembe, wakaja.

Nilikuwa nimeshika upawa. Kwanza nikasikia kama lori linapanda, nikageuka kuangalia barabara, hakuna lori. Nikaona miti inatembea. Baba Leokadia, sikudanganyi, miti imesimama wima inatembea kuja chini! Halafu ukingo wote ukakaa juu ya ule mtaro, ukatulia, vumbi hakuna, kelele hakuna. Pale watu walipokuwa wanaimba muda mfupi tu uliopita pakawa pamefukiwa. Upawa ukanidondoka. Huko kwetu maji huja yakipanda na mtu unayaona, unabeba kuku wako unahama. Huku ni nchi yenyewe inakuja. Watu wakaanza kuitana majina, kila mama anaita wake, na kila aliyeitwa akaitika. Wote. Yaliyobaki chini ni majembe, na koti la mwenyekiti alilolitundika kwenye kigingi cha mwisho.

Leokadia alifika jioni kutoka Same kwa pikipiki, matope hadi usoni. Hakunisalimu mimi wala mtoto. Aliutazama mteremko, akakaa chini palepale. "Nani aling'oa vigingi?" Mwenyekiti akamwambia wamemsaidia kuanza jengo. Ndipo nikasikia ambalo sikutegemea. Jengo halikuwa pale kabisa! Alilichora juu kule kwenye mwamba, nyuma ya kwa Bibi Nakijwa. Vigingi vilikuwa vya kupimia kama mteremko unasogea, na ulikuwa unasogea.

Siku zote zile natamba kisimani!

Wakaguzi walikuwa wanakuja kesho yake. Tukakaa jikoni kwa bibi, mwenyekiti anashauri tuseme ni mvua tu, hakuna aliyechimba. Nami nilimuunga mkono, sikufichi. Nilimwambia, "Mwanangu, nyamaza tu. Hii ni kazi yako na jina lako. Nani atakuuliza?"

Akaniambia, "Mama, nyumba ya kukimbilia nikiianza kwa uongo, watu watakimbilia wapi?"

Nilikasirika hata uji nikaunguza.

Mkubwa wa wakaguzi alikuwa mama mmoja mnene, mpole, miwani kifuani. Akauliza nani alichimba. Mwenyekiti akakohoa: "Ni mvua, mheshimiwa. Mvua za mwaka huu hazina adabu." Yule mama akaangalia chini, mpini wa sururu umechomoza kwenye udongo. "Mvua ya huku ina sururu?"

Basi mwanao akasogea mbele. Akasema wananchi walichimba, walidhani vigingi ni vya msingi. "Sikuwahi kuja kuwaeleza ni vya nini. Kosa ni langu, si lao." Mbele za watu wote! Nilitamani ule udongo unifunike na mimi.

Yule mama akavaa miwani, akasema anasikitika. Ruzuku haitolewi pale ambapo kazi imeshaanza bila kibali, na vipimo vya mteremko vimeharibika. Maombi ya kijiji yanaondolewa awamu hii. Wapime upya masika nzima, ndipo waombe tena. Wakapanda gari wakashuka.

Mwenyekiti akamgeukia mwanao: "Injinia, umetuua." Hapo Bibi Nakijwa, ambaye hasemi sana, akamjibu: "Koti lako liko chini ya udongo. Ungekuwa umelivaa, ungeongea?" Mwenyekiti akaenda zake.

Asubuhi akaja mlangoni kavua kofia. "Shikamoo, Mama Injinia," ananiamkia mimi, na ananizidi umri! Akamuuliza Leokadia, "Tuguse wapi, tusiguse wapi?" Leokadia akamwonyesha nyumba zilizo chini ya mteremko, akasema zile zihame kabla ya mvua kubwa. Pembe ikalia tena. Walibomoa wakapandisha bati, milango, vitanda, mbuzi, mpaka mafiga, wakajenga vibanda kwenye mwamba. Nami nilibeba bati kichwani, mwulize yeyote. Mwanao aliitwa ofisini kujieleza, akaenda, akarudi na kazi yake. Wakubwa walimwambia nini hajanieleza, nami sijathubutu kuuliza.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Leo asubuhi mteremko uliobaki umeshuka wote. Wote, Baba Leokadia. Umepita pale palipokuwa na zile nyumba, umefika barabarani, umeikata. Hakukuwa na mtu hata mmoja chini. Nimesimama kwenye mwamba na wenye nyumba zao, tunaangalia mahali walipokuwa wanalala.

Msalimie dada yako Filomena, na mwambie ahsante kwa kukupikia. Msalimie kaka yangu Odilo, asiuze yule ng'ombe mpaka nirudi. Padre mwombe atutajie kwenye misa. Mkwe wako yuko Same, mzima, anakusalimu, nasi hatuwezi kumfikia. Barua hii anashuka nayo mwalimu mkuu kwa miguu.

Ukiulizwa jengo la Leokadia limefikia wapi, sema halijaanza. Huku redio hatuna, mablanketi yaliyopo ni ya majumbani, na mtandao wa simu unashika sehemu moja tu, juu ya mwamba. Mwanao amesimama hapo tangu asubuhi na simu yake, anawaambia wa ofisini Same nani yuko wapi, nani mgonjwa, tingatinga lipite njia ipi, na watu wamejipanga mbele yake kama wako ofisini. Mvua inanyesha. Mwenyekiti alikuwa anamshikia mwavuli, amechoka, sasa ananiita mimi.

Acha niende, simu isilowe.

Mkeo akupendaye,
Mama Leokadia