MWISHO WA DUNIA NA SINIA LA MAMA ANITHA

CHAMA CHA WACHEZAJI WA NCHI YA SINIA, KILOSA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KILICHOFANYIKA JUMAPILI, TAREHE 14 SEPTEMBA 1997, KATIKA CHUMBA CHA NYUMA CHA MGAHAWA WA MAMA ANITHA, KARIBU NA STESHENI

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Kornelio – Mwenye Anga wa Nchi, na kwa hiyo Mwenyekiti
2. Bi. Ida (Mama Anitha) – Waziri wa Chakula, na mwenye sinia
3. Nd. Mudathir – Waziri wa Biashara
4. Bi. Tumwagile – mkimbizi kutoka Mikumi
5. Bi. Anastazia – Katibu

HAWAKUHUDHURIA
1. Nd. Gabrieli, fundi mwashi – yuko uhamishoni (alisimama nje ya dirisha kikao kizima)

KUMB. NA. 1/9/97: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa alasiri badala ya saa nane, kwa sababu chai ilikuwa bado. Aliagiza kanuni zisomwe upya, maana wapo mawaziri wanaojifanya wamezisahau. Katibu alizitaja kwa mara nyingine, na koo lilimkauka.

Nchi ni udongo uliomo ndani ya sinia. Wananchi ni punje za mahindi. Mmoja hutawala, naye ndiye mwenye birika la mvua. Huitwa Mwenye Anga, kwa kuwa Mama Anitha ni mtu wa kanisa na alikataa katakata mtu yeyote kuitwa mungu juu ya sinia lake. Waliobaki ni watu wa chini yake, na wanaruhusiwa kumpindua. Njama ni ruksa, ila kila njama lazima inong'onezwe kwanza kwa Katibu, naye haruhusiwi kuifichua. Wananchi wakifa wote, au Nchi ikikosa pa kukaa, basi wote wameshindwa na chama kimekufa.

Bi. Tumwagile alisema kanuni hizo anazijua vizuri. Hata Nchi ya Mikumi ilikuwa nazo, mpaka nyani walipoingia dirishani na kula taifa zima. Alifungua kitambaa, kama afanyavyo kila Jumapili, akaonyesha punje tatu zilizosalimika. Wajumbe walisimama kidogo kwa heshima.

KUMB. NA. 2/9/97: SALAMU ILIYOLETA UGOMVI
Bi. Tumwagile, ambaye ni binti aliyelelewa vyema, alimwamkia Nd. Gabrieli pale dirishani. Mwenyekiti alisema mtu aliye uhamishoni hasalimiwi. Bi. Tumwagile alijibu kwamba shikamoo haina mpaka. Nd. Gabrieli aliitikia, "Marahaba, mwanangu!" kwa sauti iliyofika stesheni.

Mwenyekiti aliagiza marahaba hiyo isiandikwe. Katibu ameiandika, kwa sababu kuacha shikamoo ining'inie bila kuitikiwa ni mkosi, na Katibu ana watoto.

Ikumbukwe kwamba Nd. Gabrieli alifukuzwa mwezi Julai kwa kusema kuwa bwawa la Mwenye Anga, lililojengwa kwa njiti za kiberiti, haliwezi kuzuia hata mkojo wa panya.

KUMB. NA. 3/9/97: MAFURIKO YA JUMAPILI ILIYOPITA
Mwenyekiti alieleza kwa uchungu kwamba alikuwa amewanyima mawaziri wake mvua ili kuwafundisha adabu. Jumapili iliyopita aliporudi kutoka mapumziko ya chai alikuta Nchi imefurika, bwawa limepasuka na nusu ya wananchi wamesombwa hadi ukingoni, ambako kuku wa Mama Anitha aliwamaliza. Alimtaka mwenye hatia ajitaje.

Nd. Gabrieli alisema kutoka nje, "Nilisema mimi! Si nilisema?" Aliambiwa anyamaze.

Hatimaye Mama Anitha alikiri kwamba ni yeye. Alimwaga kikombe kimoja tu cha maji wakati wengine wanakunywa chai, ili ukame uishe na wananchi wamtake yeye atawale. Nd. Mudathir alimtazama kwa mshangao, akasema hata yeye alimwaga kikombe, kwa nia hiyo hiyo. Bi. Tumwagile aliangalia chini, akasema chake kilikuwa kidogo.

Mwenyekiti alishika kichwa. Alisema kumbe Nchi imezamishwa na waokoaji watatu.

Ndipo wote wanne walipomgeukia Katibu. Mwenyekiti alimuuliza kama alikuwa na habari. Katibu alijibu kwamba njama zote tatu alinong'onezwa, ila kanuni inamfunga mdomo. Aliulizwa kwa nini basi hakukohoa hata kidogo. Katibu alisema alikohoa. Alikohoa mpaka Mama Anitha mwenyewe akamletea maji ya tangawizi, na Nd. Mudathir akamshauri akapime kifua. Wajumbe walikumbuka, wakaomba radhi shingo upande. Katibu amezipokea vivyo hivyo.

KUMB. NA. 4/9/97: SINIA
Hili ndilo lililoitisha kikao. Mama Anitha alieleza kwamba Jumamosi ijayo binti yake Anitha anaolewa. Wajomba wa bwana harusi wanashuka kutoka Vidunda, na wajomba hao hawawezi kulia pilau kwenye visahani kama wagonjwa wa wodini. Sinia analitaka Ijumaa asubuhi, likiwa limesuguliwa kwa majivu.

Mwenyekiti aliuliza kama Mama Anitha anaelewa kwamba huo ni mwisho wa dunia. Mama Anitha alisema anaelewa, lakini dunia yenyewe ni yake, aliinunua Morogoro.

Wajumbe walitafuta mahali pengine pa kuihamishia Nchi. Bi. Tumwagile alipendekeza ungo, ikaonekana utavuja. Nd. Mudathir, ambaye anauza mitumba Dumila, alitoa kifuniko cha sanduku. Kilikuwa na kutu na harufu ya dawa ya nondo. Mwenyekiti alisema angeweza kumwomba mke wake droo ya meza. Wajumbe walimhurumia, hakuna aliyeendelea na hoja hiyo.

Nd. Mudathir akasimama tena. Alisema siku hizi kila kitu kinabinafsishwa, basi Nchi nayo igawanywe, kila mtu achukue kipande chake kwenye bakuli aondoke nacho. Yeye angeanza na mto.

Mwenyekiti aligonga meza mpaka birika likaruka. Alisema maneno hayo ndiyo aliyosomewa siku anapunguzwa kazi reli, na hataki kuyasikia tena akiwa hai. Alisema maisha yake yote alipepea bendera na treni zikamtii, na sasa hata mbuzi wa jirani akimfukuza anamtazama tu. Akifika hapa Jumapili kuna watu wanaomngoja, hata kama ni mahindi.

Wajumbe waliinamisha vichwa. Mama Anitha alifuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akasema sinia ni Ijumaa.

KUMB. NA. 5/9/97: HOJA KUTOKA DIRISHANI
Nd. Gabrieli aliomba kusema. Alinyimwa ruhusa, akasema hivyo hivyo. Alieleza kwamba analo karai lake la kukorogea zege, pana, halina tundu, na Nchi yote itaenea humo na nafasi ibaki ya wakimbizi. Alilinyanyua walione. Wajumbe walisogea dirishani wote, hata Mwenyekiti.

Mwenyekiti alimuuliza anataka nini. Nd. Gabrieli alijibu, "Birika."

Mwenyekiti alimwita msaliti, mla rushwa na mjenga vyoo. Nd. Gabrieli alisema vyoo vyake angalau havijapasuka. Kisha alijitwika karai na kuanza kuondoka, akienda polepole mno na kugeuka kila mara kuangalia kama anaitwa.

Mwenyekiti alirudi kwenye sinia akainama. Alikaa hivyo kwa muda, wajumbe wakadhani analia. Kumbe alikuwa anatazama kitu. Aliwaita waje. Punje zilizonusurika mafuriko zilikuwa zimeanza kuota. Pale lilipokuwa bwawa palikuwa na vichipukizi vyeupe, vyembamba.

"Wameota hawa," alisema Mwenyekiti. "Mimi nimewanyima maji, ninyi mmewazamisha, na wameota. Niwaache wafe kwa ajili ya birika?"

Akasema, "Haya, mwiteni yule mpumbavu."

Nd. Gabrieli hakuwa amefika mbali. Aliingia kwa kupanda dirisha ingawa mlango ulikuwa wazi, akisema ndiko alikotolewa na ndiko atakakorudia. Mzee Kornelio alimkabidhi birika kwa mikono miwili. Kwa mujibu wa kanuni, uenyekiti ulihama papo hapo.

KUMB. NA. 6/9/97: AMRI ZA MWENYEKITI MPYA
Mwenyekiti mpya aliamuru Mzee Kornelio aende uhamishoni kwa kosa la bwawa. Mzee Kornelio alichukua kofia yake ya reli, akatoka kwa mlango, akazunguka nyumba na kusimama dirishani. Bi. Tumwagile alimwamkia, naye aliitikia marahaba. Imeandikwa, na safari hii hakuna aliyepinga.

Aidha, Mwenyekiti aliamuru kwamba chai ya uhamishoni imiminwe kwanza, kabla ya mtu yeyote mezani. Alisema miezi hii miwili chai ya dirishani ilimfikia imepoa kila Jumapili, na jambo hilo hamtakii hata adui.

Iliazimiwa kuwa Nchi ihamishwe leo leo, kwa mikono ya wote, bila mtu kubinafsisha chochote njiani. Kuku afungiwe.

KUMB. NA. 7/9/97: MENGINEYO
Wakati wajumbe wanahamisha udongo, Mzee Kornelio alimwita Katibu dirishani, akashika kikombe chake cha moto na kumnong'oneza jambo refu sikioni. Alikuwa akicheka mpaka chai ikamwagika, kitu ambacho Katibu hajakiona tangu bendera zilipomwacha.

Katibu haruhusiwi kulisema. Iandikwe tu kwamba alirudi mezani, akamtazama Mwenyekiti mpya, akakohoa.

Kikao kilivunjika saa kumi na moja jioni, Nchi ikiwa hai.

MWENYEKITI: Gabrieli (ametia dole gumba; kalamu ilijaa saruji)

KATIBU: Anastazia (bado anakohoa)