Unywele wa Kioo

Mwipwa wangu Mariamu,

Salamu tele kutoka Bwiza! Waambie majirani hapo Rumonge: Bujumbura nzima ikiingia mtandaoni, mwanga unapita kwanza mikononi mwangu. Karakana yetu inatengeneza vichwa vya nyaya za kioo. Kioo chenyewe ni chembamba kama unywele. Unakipenyeza kwenye kichwa, unasugua ncha, mwanga unapita.

Jana ilikuwa siku yangu ya majaribio. Ukishindwa, unarudi kwenu. Jasho lilinitoka kwa joto, lakini nilisugua ncha ikang'aa hadi ng'ambo ya ziwa, Kongo, wakafumba macho. Bosi wetu, Mama Zaina, akawasha taa nyekundu upande mmoja. Upande wa pili, giza. Akachungulia kwenye lenzi, akacheka mpaka akakaa chini.

“Tonton, mjomba wangu, iyi si kioo! Ni ndevu yako nyeupe!”

Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Akanisogezea sahani ya samaki, mukeke wa ziwani.

“Apana, kula kwanza. Kesho unyoe, uje kazini.”

Kwa hiyo kazi nimepata, mwanangu, na Mungu awatunze wote. Ila mjiandae kuniona: chini ya zile ndevu, kumbe sina kidevu.

Mjomba wako,
Ramadhani