Sweta kwenye Chumba cha Fataki

Malta, 10 Novemba 1985

Mwanangu Marthese,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mumeo Nenu na mjukuu wangu Rita. Sisi hatujambo, ila baridi. Kule kwenye chumba cha fataki unakujua, hatuwashi hata kiberiti sembuse jiko, kwa hiyo mimi na Leli tunafunga fataki vidole vimekufa ganzi. Leli anasema mafua yake yatalipuka kabla ya kitu kingine chochote. Mjinga huyo, ananivunja mbavu.

Mwaka huu nafunga moja kubwa, ya Rita. Siku ya sikukuu ya Bikira Maria itapanda juu ya kanisa, ifunguke nyeupe, halafu bluu, halafu nyeupe tena. Wale wapinzani wetu wa klabu ya bendi ya pili, na fataki zao, watakosa pa kuficha nyuso.

Mama yako yuko mezani, anatukatia karatasi za kufungia huku akilalamika kwamba nitamfanya mjane. Nimemwambia aongeze mstari hapa chini. Amesema hana cha kumwandikia mtu aliyehama. Mwache, atapoa.

Baba yako,
Wenzu

Melbourne, 2 Desemba 1985

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima, na Rita ameota jino. Msalimie Mama, hata kama hataki salamu zangu.

Baba, nakuomba tena, acha mambo hayo ya fataki. Ungekuwa unalipwa ningeelewa! Najua utaniambia ni ya Bikira, si yako. Haya, basi angalau usigande. Nimekutumia sweta la bluu, zito, muuzaji ameniapia halipitishi upepo. Ukilivaa, ujue nimekukumbatia.

Mwanao,
Marthese

Malta, 19 Januari 1986

Mwanangu,

Hamjambo huko? Huku tu wazima, namshukuru Mungu. Sweta limefika! Mama yako amelipapasa mshono kwa mshono, halafu likapotea kabatini mwake mpaka nilipolidai. Nimelivaa kanisani, nimelivaa klabuni, hata kitandani nimelala nalo. Leli ana wivu, salamu zangu haitikii.

Kesho naenda nalo chumbani, tukamalizie ile ya Rita. Joto tele, mwanangu. Ahsante.

Baba yako,
Wenzu

Melbourne, 8 Februari 1986

Mama,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Tangu padri aliponipigia simu kwamba chumba kimelipuka sijui nakula nini wala nalala vipi. Na leo ndipo barua ya Baba imefika, yeye akiwa ameshazikwa. Anasema anaenda chumbani na sweta.

Asubuhi nilimvua Rita fulana ya nailoni, ikatatarika, nywele zake zikasimama. Nikakumbuka ulivyokuwa ukimpekua Baba mlangoni kila akitoka kwenda chumbani: pamba tupu, hata soksi, kwa sababu nailoni inatoa cheche. Mimi, binti wa mtu wa fataki, nilisahau! Nimerudi dukani kuuliza. Sweta lile ni la nailoni, Mama.

Baba aliijua sheria ile kuliko wote. Lakini alilifurahia mno. Nitukane ukitaka, ila nijibu. Alikuwa amelivaa?

Mwanao,
Marthese

Malta, 3 Machi 1986

Mwanangu Marthese,

Marahaba. U mzima? Mtoto je? Mimi nipo. Mwandiko wangu mbaya, nivumilie.

Siku ile nilikuwa nakata karatasi. Kishindo kikaja, sahani zikaanguka. Wanawake wa mtaa mzima tukapanda juu ya mapaa kuangalia moshi uko upande gani. Ulikuwa upande wa chumba chao, nikashuka bila kumwuliza mtu. Wenzu na Leli, wote wawili, na fataki ya Rita mikononi mwao. Hakuna ajuaye cheche ilitoka wapi.

Unaikumbuka ile misumari ya ukuta wa nje, karibu na geti, kila mwanamume na msumari wake, wanapotundika saa na mikanda kabla ya kuingia? Nilikwenda mwenyewe. Ukuta ule umesimama. Kwenye msumari wa baba yako palikuwa na saa yake, na sweta lako, mikono imekunjiwa ndani, kama anavyotundika koti la kanisani. Mke wa Leli aliwaona njiani, baba yako anajipiga kifua, "Gusa, gusa uone, la Australia hili!" Lakini alipofika alilivua, akaingia na shati lake la pamba. Hakulivaa mle ndani, Marthese. Unanisikia? Hakulivaa.

Nilikukasirikia sana ulipoondoka. Sasa nyumba kimya, na hasira yenyewe naitafuta siioni. Barua zako zote nilizisoma, baba yako akishatoka.

Usidai nikurudishie sweta. Lina harufu ya gundi na ya shingo yake. Ulimwambia akilivaa ajue umemkumbatia. Basi nimelivaa mimi, hapa mezani, nikikuandikia.

Niandikie.

Mama yako