Nyigu na Masikio ya Mjomba

Jumamosi, 6 Septemba

Jambo hili sijamwambia mtu, hata Mama. Mjomba hasikii.

Si kwamba ni kiziwi kabisa. Ukisimama mbele yake ukapaza sauti, anakujibu. Lakini gereji hii yote imesimama juu ya masikio yake! Jina lake halisi limesahaulika, watu wote wanamwita Sikio. Zamani ulikuwa unampigia simu, unaiweka juu ya injini, naye anakutajia plagi iliyokufa. Masikio hayo ndiyo yaliyomlea Mama, mdogo wake, baada ya babu kufariki. Ndiyo yaliyonisomesha mimi. Siku hizi ukimpigia anasema mtandao mbaya, leta gari. Nami niliamini ni mtandao.

Juzi mkanda wa feni wa gari la mteja ulikuwa unalia kilio cha kutia ganzi meno. Nikaziba masikio. Yeye kainama palepale, akanyanyua kichwa, akatabasamu. Imetulia kama maji mtungini, akasema.

Mkanda ulikuwa bado unalia. Halafu nikakumbuka mengine. Tangu nimalize shule na kuja kukaa hapa kwa Mjomba, kila mtu analalamikia sauti yangu. Mama ananiambia niongee basi, au nimemeza ulimi. Jirani yetu anayeshona viti vya magari, yule wanayemwita Sindano kwa sababu ya maneno yake na wala si kwa sababu ya kazi yake, mimi ananiita Bubu. Mjomba peke yake hajawahi kulalamika. Nikisema kitu anaitikia kwa kichwa: eeh mama, sawasawa. Nilidhani ni upendo. Kumbe hajasikia hata neno!

(Ni upendo pia. Lakini bado.)

Watu wakijua, nani atamletea injini fundi aliyepotewa na masikio?

Jumatatu, 8 Septemba

Leo turubai limetoka juu ya gari la zamani la Mjomba! Jamani, Nyigu!

Milango miwili, silinda sita, kabureta tatu zimejipanga kama watoto wa shule. Njano, na buti nyeusi kule nyuma — ndiyo maana ya jina, ingawa Mjomba anasema ni kwa sababu ya mlio wake. Alishindana nayo enzi za ujana. Mama ndiye aliyekuwa anakaa pembeni yake, anamsomea kona, kushoto au kulia, kabla hazijafika! Mama huyuhuyu anayefunga mkanda hata gari likiwa limesimama.

Chama cha magari ya zamani kimerudisha mbio za mlima, baada ya miaka mingi. Mwenyekiti alipita wiki iliyopita, akamwambia Mjomba mbele ya wateja: Nyigu isipopanda, mlima si mlima. Mjomba akacheka, akakubali. Sasa inabidi.

Kazi ya leo: boliti moja. Moja tu! Ile ya mwisho kwenye ekzosi, imekula kutu mpaka imekuwa jiwe. Tuliipaka mafuta, tukaichoma moto, tukaibembeleza, tukaitukana. Nikaweka spana, nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Ikasema krrr — ikageuka. Nilipiga kelele ya furaha ambayo sikujua ninayo. Mjomba hakugeuka.

Jumatano, 10 Septemba

Msasa asubuhi mpaka jioni. Vumbi la rangi ya njano puani, kwenye nyusi, kwenye chai. Chini ya njano tulikuta nyekundu, na chini ya nyekundu, karibu na taa, mkunjo uliozibwa. Mjomba akaupapasa kwa kidole gumba. Mama yako alisema kushoto akimaanisha kulia, akasema. Akacheka peke yake muda mrefu.

Mama kapiga simu. Kozi ya kompyuta inaanza mwezi ujao, nisije nikasahau. Sijasahau. Nimenyamaza tu, kazi ninayoiweza.

Mikono yangu haitakati tena. Naitazama kila dakika. Naipenda!

Jumamosi, 13 Septemba

Tumewaka. Yaani — tumewaka moto.

Nieleze vizuri. Kila plagi ina waya wake, na nyaya zikikosea mpangilio, silinda inapata cheche wakati si wake. Mjomba aliniachia nipange. Nilipofika silinda ya tano nikasita. Nikamuuliza, yeye kanipa mgongo anasafisha betri: Mjomba, ya tano inakaa hapa? Akaitikia kwa kichwa. Eeh mama, sawasawa.

Nilijua. Nilijua kuwa hasikii, na bado nikauliza mgongo wake kwa sauti ya panya! Nani mjinga hapo?

Akaingia kwenye usukani. Boneti imeinuka, hanioni. Akapiga stata. Nyigu ikakohoa, ikatema — puu! — na ulimi wa moto ukatoka kwenye kabureta ya nyuma. Ukabaki.

Nikapiga ukelele: zima! Si sauti ya panya. Sauti ya mtu ambaye simjui. Walisikia duka la matairi, wakasikia ng'ambo ya barabara. Sindano alikuja mbio na sindano yake bado mkononi. Aliyekusudiwa tu ndiye hakusikia. Aliendelea kupiga stata, rrr, rrr, rrr — na Nyigu ikavuta pumzi, ikaumeza ule moto. Ukaisha. Hivi hivi.

Sindano anahema. Akamuuliza Mjomba hivi: Mimi nimesikia nikiwa na cherehani inanguruma, wewe Sikio hukusikia?

Mjomba alitutazama mmoja mmoja. Akatazama masizi. Halafu akasema taratibu: "Injini humeza moto wake. Ningezima, gari lingeungua."

Ni kweli. Nimeuliza fundi mwingine baadaye, ni kweli kabisa. Lakini alijua, au alibahatisha? Sindano naye alitikisa kichwa, akaenda zake akiwa anageuka nyuma.

Jumapili, 14 Septemba

Sikulala vizuri. Asubuhi nikafanya jambo. Mjomba alikuwa ameinama kwenye nyaya. Badala ya kuuliza, nikamwekea mkono begani. Akageuka. Nikamwonyesha waya, kisha shimo, nikainua nyusi. Akatikisa kichwa: hapana. Akanionyesha pake.

Tukazipanga zote sita hivyo.

Tulipomaliza akafuta mikono, akatazama pembeni. "Injini ikinguruma hatutasikizana, mama. Ukigonga begani mara moja, nimejua inatosha. Mara mbili, niongeze. Kiganja kizima — nizime, bila kuuliza."

Injini ikinguruma, amesema. Ilikuwa haijanguruma bado.

Alhamisi, 18 Septemba

IMEWAKA! Kweli safari hii!

Mara ya kwanza ilijikwaa kama mtu aliyeamshwa. Kabureta tatu, kila moja inavuta pumzi kivyake. Kazi ni kuzifanya zivute kama mtu mmoja. Mjomba kashika bisibisi. Mimi naweka ncha ya kipande cha mpira wa maji kwenye mdomo wa kabureta, ncha nyingine sikioni — unasikia upepo. Hii inafoka. Ile inanong'ona. Mkono wangu begani: mbili. Mbili tena. Moja!

Inzi akatua shingoni kwake, nami nikampiga bila kufikiri, paf, kiganja kizima. Mjomba akazima mara moja, mbio, uso umemtoka jasho, macho yanatafuta moto. Nikamwonyesha inzi kwenye kiganja. Alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka. Ikabidi tuanze upya!

Kisha zikalingana. Sijui niandikeje. Kulikuwa na kelele tatu, halafu kukawa na mlio mmoja, mwembamba, mkali. Nyigu hasa! Nywele za mikono zilinisimama. Mjomba alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya kifuniko cha injini, amefumba macho. Nadhani naye aliusikia. Kwa viganja.

Jumanne, 23 Septemba

Mwenyekiti kaja kuikagua Nyigu, na gari lake jekundu, na watu. Watu wengi! Nilijificha nyuma ya matairi. Nyigu ikawaka mara moja, ikapita ukaguzi, makofi. Nikashusha pumzi.

Mapema mno. Mwenyekiti akafungua boneti ya lile jekundu. Kuna kitu kinagonga humu, akasema, mafundi watatu wameshindwa, Sikio hebu tusikilize. Watu wakazunguka. Mmoja akatoa simu kurekodi!

Mjomba alichukua bisibisi ndefu, ile anayoegemeza kwenye meno badala ya sikio (wanadhani ni maringo yake, kumbe anatafuta mtetemo). Macho yake yakapita juu ya vichwa vya watu, yakatafuta. Yakanipata nyuma ya matairi.

Nikatembea. Watu wote wale — nikapita katikati yao, nikasimama kando yake, nikaweka mkono begani kama binti mwenye mapenzi na mjomba wake. Ndivyo nilivyo, kwani uongo?

Akasogeza ncha ya bisibisi mwanzo wa injini. Mimi nasikiliza. Akasogeza. Akasogeza tena. Ta-ta-ta-ta — kavu, juu, karibu na silinda ya tatu. Nikagonga moja.

"Hapa," Mjomba akasema. "Tapeti imelegea."

Wakafungua. Kile kichuma cha kusukuma vali kimelegea kweli! Mwenyekiti akampiga Mjomba mgongoni, akasema masikio haya yawekewe bima. Kila mtu alikuwa anamtazama Mjomba. Isipokuwa Sindano. Sindano alikuwa anatazama kidole changu.

Alipopita karibu nami akasema kwa sauti ya chini kwamba mkono wa Bubu una maneno kuliko mdomo wake. Nimekwisha.

Jioni, tunanawa mikono kwenye ndoo moja, Mjomba akaniuliza bila kuniangalia:

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ule mkanda wa feni," nikasema. Kwa sauti kubwa, na nikiwa mbele ya uso wake.

"Na hukusema."

"Hukuniuliza."

Akanipa sabuni. Basi.

Alhamisi, 25 Septemba

Sindano kaleta viti vya Nyigu. Ngozi nyeusi, uzi wa njano — vizuri hadi huruma kuvikalia! Akavifunga mwenyewe, muda mrefu, akilalamika kuhusu kila boliti. Mimi roho juu. Mjomba hayupo, kaenda kutafuta mafuta ya breki. Nikangoja aseme.

Nilipokaa kiti cha pembeni nikaona si pale kilipokuwa. Kimesogea kuelekea kwa dereva, kama upana wa kiganja. Nikamwambia kimekosewa. Akakata uzi kwa meno.

"Hakijakosewa. Mkono lazima ufike."

Akaniambia nisimtolee macho, yeye anashona tu, hajui kitu. Akaondoka akipiga mluzi!

Mjomba anasema Jumamosi nitakaa pembeni. Maisha yake yote amebadilisha gia kwa kusikia, hatazami mshale wa dashibodi. Nikigonga moja, anapandisha. Mbili, anashusha. Mama amejua nitakaa wapi. Nilitegemea vita. Akasema tu nikumbuke, kushoto ni ule mkono nisioandikia.

Jumamosi, 27 Septemba

Naandika ndani ya Nyigu, daftari gotini. Tuko kwenye foleni ya kuanzia. Magari matatu mbele yetu, mlima unaonekana wote, kona baada ya kona, watu wamejipanga kwenye uzio. Kofia ya chuma imenibana mashavu. Sijawahi kufurahi hivi maishani mwangu. Daftari linaruka na injini, samahani kwa mwandiko.

Spika zimemtaja: Sikio na Nyigu! Watu wakapiga makofi. Mama yupo. Kasimama na Sindano, kavaa miwani ya jua ili nisione kama analia.

Magari mawili.

Kuna kitu.

Mjomba alikanyaga kidogo kuipasha moto, akaachia. Mlio ulipokuwa unashuka nikasikia: tok. Nikadhani ni gari la jirani. Akakanyaga tena, akaachia. Tok, tok. Chini. Ndani kabisa. Si tapeti, tapeti ni kavu na iko juu. Hii ni nzito, kama mtu anabisha hodi kwa ngumi iliyofungwa kitambaa. Mjomba amenifundisha mlio huu kwa kugonga meza: beringi ya chini, ile inayobeba mhimili wa injini. Ikikatika kwa mwendo wa kasi, injini inatoboa ubavu wake yenyewe. Kazi yote. Na pale kona ya pili, bonde liko upande wangu.

Au ni hofu yangu? Amekanyaga tena. Tok.

Hakuna mwingine anayesikia. Mwenyekiti kasimama hapa dirishani, anatabasamu. Mjomba anatabasamu pia, ana uso wa kijana, sijawahi kuuona uso huu. Nikiweka kiganja hapa, mbele ya uzio wote, watauliza kwa nini Sikio amesimamishwa na mtoto. Watauliza kwa nini hakusikia mwenyewe. Nisipokiweka, basi nimeyachukua masikio yake nikayafanya yangu peke yangu, na yeye anaendesha kwa kuniamini.

Gari moja.

Ameniangalia. Ameinua nyusi, vile nilivyomwinulia mimi kwenye zile nyaya: vipi?

Bega lake lipo karibu kabisa. Mkono unafika. Nafunga daftari, nahitaji kiganja kizima. Wewe daftari, ulichokisikia hapa usimwambie mtu — mlio huu nataka Mjomba aujue kwanza.