Makosa Mawili Katika Orodha ya Baba

Chumba cha nyuma,
Juu ya duka la miwani.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U mzima? Usinijibu kwa mazoea, maana safari hii swali hili nimetumwa. Unakula? Unalala vizuri? Kichwa hakikuumi? Macho je? Baba alinisimamia begani mpaka nikaandika hayo yote. Sasa ameenda kuoga, na kuanzia hapa nakuandikia ya kwangu.

Sisi hatujambo. Goti la Mama limetulia tangu alipoacha kukimbilia ngazi, ingawa mdomo wake haujatulia hata kidogo. Mimi bado nakata vioo vya miwani hapo chini mpaka saa kumi, kisha napanda kwa Baba na mikono yangu ikinuka mafuta ya mashine.

Kazi ya santuri imekwisha. Nimesubiri kuiandika sentensi hiyo kwa miaka miwili na miezi minne. Santuri mia nane arobaini na mbili, zote za okestra, opera na piano, zote zimeorodheshwa. Chuo cha muziki kilisema kitazipokea na kuzipa chumba chake, mradi kila moja iandikwe walioshiriki na kazi ya kila mmoja. Si mtunzi tu. Nani aliongoza okestra, nani aliongoza kwaya, nani alipiga fidla ya peke yake, nani aliandika maneno yanayoimbwa, mpaka fundi aliyekaa nyuma ya kioo kurekodi.

Unamjua Baba. Chuo kilidai kidogo, yeye akaongeza. Siku moja nilichoka, opera moja nikaiandikia waimbaji wawili wakubwa na kumalizia "na wengine". Alinirudisha kwenye kiti kama mtoto wa darasa la pili, tukaisikiliza upya pande zote sita. "Hakuna mtu aliyezaliwa akaitwa Na Wengine," aliniambia. Tangu hapo sikuthubutu tena.

Ngumu kuliko zote zilikuwa zile sitini na moja zilizopoteza majalada mwaka ule paa lilipovuja. Hata ile karatasi ya katikati haisomeki. Mtu kama Baba, aliyetengeneza redio na gramafoni miaka arobaini, hakubali kushindwa na sauti, kwa hiyo tulizitambua kwa masikio, tukizilinganisha na zile zenye majalada. Nilijifunza mambo ambayo sikujua yanafunzika. Yupo mpiga filimbi anayevuta pumzi kama anayeonja supu ya moto. Yupo kiongozi anayechelewesha mwisho wa kila wimbo kama mgeni asiyetaka kuaga. Mengi kati ya hayo niliyasikia mimi kwanza, Baba akasinzia, akaamka, akakubali.

Sasa nije kwako, bwana mkubwa. Kila mwezi nilikupostia kurasa thelathini, nawe ukazirudisha zina wino mwekundu mistari mitatu. Huyu si sauti ya nne, ni ya tatu. Huyu hakutunga, alipanga tu upya kwa ajili ya piano. Ulisema kweli, sibishi. Lakini laiti ungemwona Baba! Alitembea na karatasi hiyo mfukoni wiki nzima. Alimwonyesha daktari wa meno huku mdomo ukiwa wazi. Kila aliyemuuliza habari ya santuri alijibiwa kuwa mwanawe aliye ng'ambo, yule anayepiga fidla kwenye okestra, ndiye anayeziorodhesha. Mimi nikiwa hapo hapo, kitambaa mkononi, nafuta vumbi.

Nasema wazi, nakuonea wivu. Nimeuona toka ulipopewa fidla mimi nikapewa kazi ya kukufuatia ukumbini na sanduku lake. Nilidhani umeisha. Kumbe ulikuwa umekaa tu.

Mwezi uliopita mkutubi wa chuo alikuja kuona kazi. Ni mama mpole, anaongea kwa sauti ya chini hata barabarani. Akasema orodha yenyewe nayo inahitaji ukurasa wa mbele wenye majina ya walioiandaa na kazi zao, na ukurasa huo utabandikwa mlangoni mwa chumba cha santuri. Baba akavaa miwani, akanitaka niandike akitaja. Nikashika kalamu. Nilioga na kuvaa vizuri siku ile, sijui kwa nini nakwambia.

"Mwenye mkusanyiko, mimi," alisema. "Mhariri mkuu, mwanangu." Akakutaja jina lako lote, mpaka la babu. Kisha akafikiri kidogo. "Na wengine."

Nilidhani anatania. Nilimwangalia, naye akauliza kama chai ipo. Mama aliyekuwa mlangoni aliniangalia, akaenda kuichemsha mwenyewe. Nikaandika kama nilivyoambiwa.

Kesho yake nilifanya ubaya. Nilichukua orodha uliyoipitia na kuidhinisha, nikaharibu mistari kumi na mmoja katika zile sitini na moja. Kiongozi wa kwaya nikampa okestra. Mpiga selo nikambadilisha na mwenzake. Sikuharibu ovyo; nilichagua makosa yanayofanana na kweli. Nilitaka wataalamu wa chuo wayaone na wajiulize huyu mhariri mkuu ni mhariri wa nini.

Lakini Baba alitaka kuzisikiliza zote sitini na moja mara ya mwisho, orodha ikiwa magotini. Alichukua siku tisa. Akakamata kosa la kwanza, la pili, la tatu. Nilikaa pembeni nageuza santuri na kungoja afoke juu yako. Hakufoka. Siku ya mwisho alikunja karatasi, akavua miwani, na uso wake ukaonekana mzee kuliko alivyo. "Mtoto huyu anaumwa," alisema. "Mwandikie. Simu usipige, mgonjwa kwenye simu husema mzima."

Mimi nikikosea, sina makini. Wewe ukikosea, unaumwa.

Basi mpigie Baba leo hii umwambie u mzima, maana tangu siku hiyo hali chakula vizuri, na hiyo ni dhambi yangu wala si yako. Ukitaka kunishtaki, nishtaki. Nitanyamaza, na nitastahili.

Ila kuna jambo hujalijua. Niliharibu mistari kumi na mmoja. Baba alikamata tisa, na hiyo nimekwisha irekebisha. Miwili ilipita mbele ya masikio yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikageuza santuri.

Nimekuwekea humu orodha iliyopigwa chapa na flashi yenye sauti za zile santuri zote. Nakala yako yenye wino mwekundu ninayo mimi, kwa hiyo hakuna pa kuchungulia. Chuoni hakiendi kitu mpaka mwisho wa mwezi ujao. Yatafute makosa hayo. Ukiyapata yote mawili, wewe ndiye mhariri mkuu, nami nitaubandika ukurasa huo mlangoni kwa mkono wangu bila kununa. Ukishindwa, mwandikie Baba umwambie mhariri mkuu ni nani. Mimi siwezi kumwambia. Nikimwambia mimi, nitakuwa nimeomba.

Nisalimie wifi yangu, na mwanao ambaye bado ananiita shangazi wa kwenye simu. Mama anakusalimu na anauliza koti alilokushonea linakutosha au umenenepa. Shemeji yako anakusalimu pia. Yeye anaomba tu tupate matokeo mapema ili nyumba ikalike.

Mungu akupe afya njema kweli kweli, na akupe masikio, lakini asikupe kuzidi yangu.

Nakupenda, wivu na yote,

Dada yako.