Hita Niliyoitengeneza Mwenyewe

Neema, mke wangu mdogo,

Hapa Missouri City nimeamka salama, goti tu ndilo limenuna. Unauliza hita yenu kuukuu huko Richardson mwitengeneze au mnunue mpya. Umempata bingwa, ingawa shule niliikimbia darasa la sita.

Ujanani hita yetu ilizeeka, nikawa naifungua, naitengeneza na kuifunga mwenyewe kila baridi ikija. Bibi yako, mtu wa Tanga, akawa analala na koti.

“Baba Asha, tununue nyingine.”

“Sisi wa Njombe baridi hii tunaiita kiangazi,” nikamcheka.

Mwaka wa nne akahamia kwa dada yake, mji wa jirani wa Sugar Land. Wiki hiyohiyo nikanunua mpya, naye akarudi.

Muulize mumeo kama anasikia baridi, na akijibu usicheke. Hita ile niliyoinunua ni nzima hadi leo. Joto lake linatosha watu wawili.

Babu yako, fundi